Mwokaji Aenda Kuona Jua Likitua

Kila jioni, jua lilipokuwa likitua, mwokaji alikuwa amelala fofofo.

Haukuwa uvivu. Kazi yake ilianza wakati watu wengine wako ndotoni. Mikate yake ilitakiwa iwe madukani kabla watoto hawajaenda shule. Kwa hiyo alilala mapema kama kuku. Mlango wa chumba ulifungwa, pazia zito likashushwa, na nyumba nzima ikatembea kwa ncha za vidole.

Mke wake alifanya kazi katika duka la dobi, upande wa pasi. Mtaani walimwita Mama Pasi, hata wale ambao hawakuwahi kumpelekea shati. Alitoka kazini jioni. Alipofika nyumbani, mumewe alikuwa ameshalala. Mumewe alipoamka kwenda kazini, yeye alikuwa usingizini.

"Wenzangu wameolewa na wanaume," alipenda kutania. "Mimi nimeolewa na mlango uliofungwa."

Nyumbani waliishi wanne. Alikuwepo mama yake mwokaji, ambaye wote walimwita Bibi. Alikuwepo pia binti yao mdogo, aliyeitwa Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi kwenye shavu lake. Kidoti alikuwa darasa la pili, na maswali yake hayakuwa na mwisho.

Siku moja tanuri la kiwanda cha mikate likaharibika. Kipuri kilikuwa hakijafika. Mwenye kiwanda akawaambia wafanyakazi wapumzike nyumbani mpaka awaite.

Jioni hiyo mwokaji hakulala. Alisimama dirishani. Katikati ya mapaa na matangi ya maji, mbingu ilikuwa nyekundu.

"Kumbe rangi ziko hivi!" alisema.

"Ziko hivyo kila siku, baba," Mama Pasi akajibu. "Ila wewe hupokei wageni."

Mwokaji akacheka. Kisha akanyoosha kidole kwenye mlima mkubwa uliokuwa mbali, nyuma ya mji.

"Barabara ya lami inafika mpaka kileleni. Wanasema ukiwa kule, jua linatua chini ya miguu yako. Halafu nyota zinatoka kama mtu kamwaga chumvi. Twende kesho. Sote."

Mama Pasi alimtazama. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alimwona mumewe na macho yanayong'aa namna ile. Akaitikia.

*

Kesho yake Mama Pasi aliomba ruhusa, akatoka kazini mapema. Alimkuta mumewe anaosha gari. Aliliosha likang'aa. Alisugua vioo, alisugua taa, alisugua hata kofia za magurudumu. Lakini boneti hakuifungua. Breki hakuzitazama. Mafuta yalikuwa nusu tangi, naye akaona yanatosha.

Waliondoka wamechelewa. Chini kule mjini joto lilikuwa kali, kwa hiyo walivaa nguo nyepesi. Kidoti alivaa ndala. Bibi alijitanda khanga yake moja. Mama Pasi alifunga mkate na mayai ya kuchemsha. Chupa ya maji ilikuwa moja tu.

Mwokaji aliendesha kwa kasi. Alikuwa anashindana na jua.

Katikati ya mlima kulikuwa na kituo cha wageni. Kilikuwa nyumba ndefu yenye baraza na mabenchi. Kando ya barabara palikuwa na kibao kikubwa. Mama Pasi alikisoma wakati wanakipita:

SIMAMA HAPA. PUMZIKA. KUNYWA MAJI. UACHE MWILI UZOEE.

"Hatusimami?" aliuliza.

"Tukisimama jua litatuacha," mwokaji akasema. Alikuwa anapiga mluzi.

Mama Pasi alifungua mdomo, kisha akaufunga. Mtu huyu ana furaha kama mtoto, alijiambia. Nitamharibiaje siku yake kwa sababu ya kibao?

Barabara ikazidi kupanda. Kona zikawa kali. Miti ikawa mifupi, halafu ikaisha kabisa. Vilibaki vichaka na mawe. Gari nalo likaanza kukosa nguvu.

"Hata gari linahema," Bibi alisema. Alitaka kuchekesha, lakini sauti yake ilikatika katikati.

Kidoti, ambaye hakunyamaza tangu nyumbani, alikuwa kimya.

"Vipi, mwanangu?" Mama Pasi akamuuliza.

"Kichwa kinaniuma, mama."

"Kunywa maji."

"Maji yameisha."

Mara Kidoti akatapika, juu ya magauni yao wote wawili. Mama Pasi alimfuta kwa kitambaa. Aligeuka kumwomba Bibi amshike mtoto, akasita. Bibi alikuwa anahema kwa mdomo wazi. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Macho yake yalitazama nje, lakini hayakuona kitu.

"Mama? Mama, unajisikiaje?"

"Tumefika sokoni?" Bibi akauliza polepole. "Mwambie anishushie pale kwa wauza vitunguu."

Mama Pasi akahisi baridi ambayo haikuwa ya mlima.

"Geuza gari," alisema.

"Tumekaribia sana," mwokaji akajibu. "Kona chache tu zimebaki. Kilele kile pale, tazama!"

"Baba Kidoti. Geuza gari sasa hivi. Mtazame mama yako."

Mwokaji akatazama kioo cha juu. Aliona uso wa mama yake. Mluzi ukamwishia mdomoni. Alipofika mahali papana, akageuza gari.

*

Mama Pasi alidhani hatari imekwisha. Kumbe nusu yake ilikuwa mbele.

Mwokaji alitaka kumfikisha mama yake chini haraka. Gari liliteremka kwa gia kubwa, nalo likawa linakimbia lenyewe. Yeye akawa anakanyaga breki. Alikanyaga, akakanyaga, hakuinua mguu. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Mama Pasi alinusa kitu. Kazi yake ilikuwa pasi, na harufu ya kitu kinachoungua aliijua hata akiwa usingizini.

"Kuna kitu kinaungua."

"Ni injini tu."

"Si injini. Inatoka chini, kwenye magurudumu."

Mwokaji akakanyaga breki tena. Safari hii pedali ilizama kama mguu kwenye tope. Gari halikupunguza mwendo.

"Haishiki," mwokaji alisema kwa sauti ndogo.

Mbele yao palikuwa na kona, na baada ya kona palikuwa na anga tupu. Mama Pasi alimkumbatia Kidoti. Mwokaji alirudisha gia ndogo, injini ikalia kwa nguvu, gari likatikisika. Akavuta breki ya mkono taratibu. Upande wa mlima palikuwa na nafasi ya kuegesha, yenye changarawe nyingi. Akaingia pale. Gari lilikwaruza, likayumba, likasimama pua yake ikigusa ukuta wa udongo.

Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye magurudumu ya mbele. Mikono ya mwokaji ilikuwa bado imeng'ang'ania usukani.

Walikaa pale muda mrefu. Baridi iliingia kila mahali. Mama Pasi aliwafunika Bibi na Kidoti kwa khanga ile moja na mazulia ya gari. Aliwaza kuhusu kile kibao. Alikisoma kwa macho yake mawili. Alinyamaza kwa sababu hakutaka kumkera mumewe. Je, kama Bibi angekufa, ningesema nilinyamaza kwa upendo? alijiuliza.

Lori la kubeba maji likapita, linatoka juu. Lilikuwa zito mara kadhaa kuliko gari lao. Lakini liliteremka polepole, injini yake ikinguruma.

"Tazama," Mama Pasi alisema. "Taa zake nyekundu za nyuma haziwaki. Halishikwi na breki. Linashikwa na nini?"

Mwokaji alilitazama mpaka likapotea. "Gia," alisema mwishowe. "Dereva amelifunga kwa gia ndogo."

Magurudumu yalipopoa, walijaribu breki papo hapo, zikashika. Wakateremka kama lile lori, kwa gia ndogo na mwendo wa konokono. Na kadiri walivyoshuka, ndivyo Bibi alivyorudi. Midomo yake ikapata rangi. Karibu na kituo cha katikati akainua kichwa.

"Mbona mmekaa kama mko matangani?" aliuliza. "Nani amefariki?"

Mama Pasi akacheka na kulia kwa pamoja. Kidoti naye akauliza kama mkate bado upo.

*

Asubuhi iliyofuata mwokaji alikuwa amechuchumaa kando ya gari. Hakuwa amekula. Mama Pasi alisimama karibu naye, kikombe cha chai mkononi, hajui aanzie wapi.

Ng'ambo ya ukuta aliishi jirani yao, mwanamke mmoja mwenye sauti kubwa. Alikuwa mwalimu wa udereva. Nusu ya madereva wa mtaa ule walikuwa wanafunzi wake, na wote walimwita Mwalimu Klachi. Alichungulia juu ya ukuta.

"Jirani, gari lina msiba gani? Unalitazama kama maiti."

"Karibu, Mwalimu," Mama Pasi akasema kabla mumewe hajajibu. "Jana mlima ulitaka kutumaliza. Tunaomba utufundishe."

Mwokaji alitazama chini. Lakini hakukataa.

Mwalimu Klachi alizunguka kwa mlangoni, akaketi kwenye kiti cha plastiki. Alisikiliza habari yote mpaka mwisho. Hakucheka, ingawa alikuwa mtu wa mzaha.

"Mlikuwa na matatizo mawili," alisema. "Moja la miili, moja la gari. Tuanze na miili. Kule juu hewa ni nyepesi. Ukivuta pumzi, unapata hewa kidogo kuliko huku chini. Mwili unaweza kuzoea, ila unataka muda. Ninyi mlipanda mfululizo kama mnafukuzwa."

"Ndiyo maana wameweka kile kituo?" Mama Pasi akauliza.

"Hasa. Unasimama pale nusu saa au zaidi. Saa nzima ni bora. Unakunywa maji, unakula kidogo, unatembea taratibu. Pombe hapana, kabisa. Halafu unajiuliza: kichwa kiko sawa? Tumbo je? Kizunguzungu? Kama kuna lolote, hupandi."

"Na likikupata ukiwa juu?"

"Unashuka. Hungoji lipoe, humezi kidonge ukaendelea. Dawa ya ugonjwa wa mlima ni kushuka. Na mtu akianza kusema mambo yasiyoeleweka, kama Bibi na soko lake, hapo hakuna mjadala. Shemeji, uligeuza gari. Hapo ulifanya jambo la maana."

"Aligeuza mke wangu," mwokaji akasema. "Mimi niligeuza usukani tu."

Mwalimu Klachi akamtazama kwa makini. "Na wewe mwenyewe? Hukuumwa kichwa?"

"Kiliuma," mwokaji alikiri. "Kilianza kuuma mapema, kabla ya mtoto. Nilidhani ni uchovu. Sikutaka kuonekana mnyonge kwenye safari yangu mwenyewe."

Mama Pasi akaweka kikombe chini. Kwa hiyo wote wawili walikuwa wamenyamaza, kila mtu kwa sababu yake.

"Kuna watu hawafai kufika kileleni hata wakipumzika," Mwalimu akaendelea. "Watoto wadogo. Wajawazito. Wenye ugonjwa wa moyo, wa mapafu, au shinikizo la damu. Hao mwisho wao ni kituoni, na hata hapo wamwulize daktari kwanza."

Bibi alikuwa anasikiliza kutoka dirishani. "Sasa mimi nizione nyota kwenye televisheni?"

"Bibi, nyota ni za kituoni!" Mwalimu akasema. "Jua ndilo la kileleni. Likishatua, wenye akili wanashuka mpaka kituoni na kutazama nyota hapo. Kule juu kabisa hata macho yanakosa hewa, hayaoni vizuri gizani. Na barabara ya kileleni ikishakuwa giza si mahali pa kuzurura."

Kisha akasimama, akapiga teke gurudumu. "Tuje kwenye gari. Shemeji, ulishuka na gia gani?"

"Ya nne."

"Ya nne! Breki ni chuma na chuma kinapata moto. Ukikanyaga bila kuachia, zinachemka, mwisho hazishiki. Kushuka mlima unatumia gia ndogo, ya pili au ya kwanza. Injini ndiyo inayolizuia gari. Breki unaikanyaga sawasawa, unapunguza mwendo, unaachia. Unakanyaga, unaachia. Ukinusa harufu, tafuta mahali salama, simama, ziache zipoe zenyewe. Usizimwagie maji, utazipasua."

"Na gari la otomatiki?" Mama Pasi akauliza. Wateja wake wengi walikuwa na magari hayo.

"Nalo lina gia ya chini. Lisiachwe kwenye D, gia yake ya kawaida, likajikimbilia. Na kosa kubwa kuliko yote ni kuliacha gari bila gia yoyote ili kuokoa mafuta. Hapo umekata kamba yako mwenyewe."

*

Hawakukimbilia kurudi mlimani. Kwanza walimpeleka Bibi zahanati. Daktari alimpima, akamrekebishia dawa za shinikizo la damu. Kileleni alimkatalia. Baada ya wiki mbili alimpima tena. Akamruhusu afike kituoni tu, mradi anywe dawa zake na ateremshwe mara moja akijisikia vibaya. Kidoti naye akaruhusiwa mpaka hapo.

Gari likaenda kwa fundi. Pedi za breki za mbele zilikuwa zimekwisha kabisa, na mafuta ya breki yalikuwa meusi kama kahawa. Vyote vikabadilishwa. Fundi akakagua matairi, taa na maji ya rejeta.

Kisha Mwalimu Klachi akawachukua mke na mume kwenye barabara ya machimbo ya mawe, yenye mteremko mrefu. Mwokaji akaendesha kwanza.

"Achia breki, shemeji! Unaikandamiza kama unakanda unga!"

Alijaribu tena na tena. Alipata, lakini mguu wake ulikuwa bado na wasiwasi. Halafu zamu ya Mama Pasi ikafika. Leseni alikuwa nayo tangu zamani, ila alizoea kuendesha mpaka sokoni na kurudi. Aliweka gia ya pili. Injini ikanguruma, gari likateremka taratibu kama mtu anayeshuka ngazi. Alisikiliza sauti ile na akaielewa. Injini ikipanda sauti, gonga breki kidogo, achia.

Mwokaji alikuwa nyuma. Alitazama mpaka wakafika chini.

"Siku ya kurudi mlimani utaendesha wewe," alisema.

"Mimi? Mpaka kileleni?"

"Wewe husikiliza gari. Mimi hulisukuma."

*

Tanuri lilipotengenezwa, mwokaji alirudi kazini. Lakini siku ya mapumziko ilipofika, walijiandaa. Mama Pasi alipiga simu kituoni kuuliza hali ya hewa, akaambiwa hakuna ukungu. Walijaza tangi, kwa sababu mlimani hakuna pa kununua mafuta. Walifunga masweta, makoti, soksi, mablanketi, maji mengi na chai ya moto. Mwalimu Klachi aliambiwa wanakwenda wapi na watarudi saa ngapi, maana simu hazishiki kila mahali kule.

"Msipofika nitawatafuta," alisema. "Na nitawasema mpaka mjute."

Mara hii waliondoka mchana. Mama Pasi hakushindana na jua. Kwenye miinuko aliweka gia ndogo mapema, kabla injini haijalia. Magari yaliyotaka kumpita aliyaachia yapite.

Kituoni walisimama. Walikaa juani kwenye baraza, wakanywa maji, wakala kidogo. Kidoti aliuliza kwa nini masikio yake yanapasuka. Mhudumu wa kituo, mwanamke mpole mwenye kofia ya sufu, alimwonyesha jinsi ya kumeza mate ili yafunguke. Saa nzima ikapita. Hakuna aliyelalamika kichwa.

"Nendeni," Bibi akasema. Alikuwa amejifunika blanketi mpaka kidevuni. "Nendeni wawili, kama enzi za uchumba. Mimi na mjukuu wangu tutamaliza mayai."

"Mhudumu yuko hapa na gari la kituo, Mama. Ukijisikia vibaya mwambie akuteremshe."

"Nitamwambia. Wewe nenda, jua halimsubiri mkwe wa mtu."

Njia ya kileleni ilielekea magharibi, na jua likawa linampiga Mama Pasi machoni. Alishusha kikinga jua, akapunguza mwendo. Kwenye kona alipiga honi. Zile kona alizikumbuka zote. Walipopita mahali walipogeuzia siku ile, mwokaji aliweka mkono wake begani kwa mkewe.

Kileleni walivaa makoti na kutembea polepole, kama wazee wawili. Watu wachache walikuwa wamesimama. Hakuna aliyepiga kelele.

Mawingu yalikuwa chini yao, meupe, mapana, kama shuka lililotandikwa na mtu hodari. Jua liliyagusa. Likawa la rangi ya chungwa, kisha jekundu, kisha likaanza kuzama ndani yake. Mama Pasi aligeuka nyuma, akamvuta mumewe mkono.

"Tazama huku."

Upande wa mashariki, kivuli cha mlima kilikuwa kimelala juu ya mawingu. Kilikuwa pembetatu kubwa, ya bluu, ndefu mpaka mwisho wa dunia. Na wao walikuwa wamesimama kwenye ncha yake.

Machozi yalimtoka mwokaji, akasingizia upepo.

"Hii imekuwa ikitokea kila siku," alisema. "Kila siku, nikiwa nimelala."

"Leo hukulala."

Jua likaisha. Lakini mbingu ikazidi kuwa nzuri. Zambarau ikapanda, nyota ya kwanza ikatokea. Mama Pasi alitamani wasiondoke kamwe. Kwa miaka mingi hakuwa amesimama hivi na mumewe.

"Mke wangu," mwokaji akasema.

"Naam."

"Kichwa kimeanza kuniuma. Kidogo tu. Lakini kimeanza."

Mama Pasi alitazama mbingu mara moja zaidi. Watu wengine walikuwa bado wanapiga picha. Ilikuwa rahisi kusema, dakika tano tu. Kisha akamtazama mumewe, na akajua kwamba maneno yale yamemgharimu. Mara ya kwanza aliyameza, na kidogo yawaue.

"Ahsante kwa kusema," alimjibu. "Tushuke."

Walishuka wakati bado kuna mwanga kidogo. Gia ya pili, taa zimewashwa, mwendo wa mtu asiye na deni la saa. Injini ilinguruma chini yao. Breki zilifanya kazi ndogo, zikabaki baridi. Kabla hawajafika kituoni, mwokaji akasema kichwa kimeacha.

*

Kituoni mhudumu alikuwa amezima taa za nje. Aliwaomba wazime taa za gari mara tu walipoegesha.

"Macho yanataka muda kuzoea giza," alieleza. "Taa moja tu inayaharibu."

Tochi yao waliifunga kitambaa chekundu, kama Mwalimu Klachi alivyowaelekeza, kwa sababu mwanga mwekundu hausumbui macho. Wakaketi wote wanne kwenye benchi moja, mablanketi magotini, wakingoja. Mwanzoni nyota zilikuwa chache. Kisha zikaongezeka. Kisha ikawa hakuna mahali pa kuweka kidole bila kugusa nyota.

"Nani anazihesabu?" Kidoti akauliza.

"Anayezihesabu bado hajamaliza," Bibi akamjibu. Halafu akamgeukia mwanawe. "Haya, niambie. Nimekosa nini huko juu?"

Mwokaji akafikiri. Hakutaka kumdanganya.

"Umekosa kitu kizuri sana, Mama," alisema. "Lakini nilitaka kuharakisha kushuka nikuambie. Hilo ndilo lililokuwa zuri zaidi."

Bibi akampiga kofi dogo la mapenzi mkononi, akaendelea kutazama juu.

Baada ya siku hiyo, mlima ukawa mahali pao. Hawakwenda mara nyingi, lakini walikwenda vizuri. Majirani walianza kuuliza, na Mama Pasi aliwaeleza akiwa anapiga pasi mashati yao. Mwenzake mwokaji kiwandani alitaka kumpeleka mkewe mjamzito kileleni. Mwokaji akamkalisha chini, akamweleza mpaka akabadili nia.

Safari yao ya tatu, Mama Pasi aliamka na mafua. Yalikuwa madogo, lakini kifua kilibana kidogo. Walifika kituoni, wakapumzika kama kawaida. Mwokaji akamtazama mkewe, mkewe akatikisa kichwa. Hawakubishana. Walitoa chai, wakageuza benchi lielekee magharibi, wakaketi.

Jua lilitua vilevile, nao wakaliona wote wanne.